Ua la Mama Mkwe na Ndoo Yangu Isiyo na Tundu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Hii ni mara yangu ya kwanza kukusemesha moja kwa moja. Miaka minne tuliishi chini ya paa moja hapa Mweso, nyuma ya duka langu, na kwa heshima ya mkwe hukuwahi kunitazama machoni, wala mimi sikuthubutu kuvuta kiti karibu na chako. Nikiingia, ulijifunika kitenge kichwani na kugeukia dirishani. Na pale dirishani palikuwa na ua lako.

Nakumbuka siku uliyofika kutoka kilimani kwenu, Masisi. Wenzako walishuka kwenye lori na magodoro na masufuria. Wewe ulishuka na jembe begani na kopo kuukuu la maziwa kifuani, ndani yake mmea wenye majani magumu yaliyopangana kuzunguka kikombe kidogo katikati, kama kichwa cha nanasi. "Hii ni ndugu ya nanasi," ulimwambia binti yako Furaha, mke wangu na mama wa Neema wetu. Mimi nikajisemea moyoni, huyu mama anakimbia vita na pambo? Nisamehe. Sikujua bado nilikuwa namkaribisha nani.

Mimi ni mtu wa Butembo, mwenye duka. Siwezi kuvumilia kopo lenye kutu sebuleni kwangu. Nikachagua ndoo bora kuliko zote dukani, nyekundu, inayong'aa, nikalihamishia ua humo, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango nikalimwagia maji tele. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano. Baada ya majuma machache majani yakaanza kulegea. Nikadhani lina kiu, nikaongeza maji. Hapo ndipo nilipokusikia ukisema na ua, sauti juu kidogo, umenipa mgongo:

"Ua yangu, usilie. Huyu Papa anakupenda sana, njo maana anakuzamisha."

Nilisimama mlangoni na jagi mkononi kama mwizi aliyekamatwa. Wewe ukaendelea bila haraka: "Balikupatia nyumba ya muzuri, lakini haina mulango ya kutokea mayi. Kinywa yako iko hapa katikati, mu majani. Miguu yako haipendake matope."

Hukuweza kumkosoa mkweo, kwa hiyo ulilifundisha ua. Nilitoka, nikachoma msumari kwenye makaa, nikatoboa matundu manne chini ya ndoo yangu nzuri. Kesho yake ukaliambia ua, "Aksanti, umepata mulango." Nami nikaliambia ua, "Ambia Mama asijali." Furaha alicheka mpaka akaketi chini.

Tangu hapo tukazungumza hivyo. Kupitia ua nilijifunza kutia kidole udongoni kabla ya kumwagilia, na kuacha kama bado kuna unyevu. Nilijifunza kumwaga maji ya zamani ya kile kikombe na kuweka mapya ya mvua, kidogo tu. Kupitia ua hilohilo uliniambia pia nisimkaripie Furaha mbele ya wateja. Sijapata kuona mtu mwenye adabu kama yako ambaye papo hapo ni mkali hivyo.

Ulipotuacha, wageni wa matanga walijaa nyumbani. Kila aliyekukumbuka alilimwagia ua maji kidogo, kwa mapenzi. Na mimi, kwa kutaka lipendeze mbele ya watu, nilikuwa nimeiweka ndoo ndani ya beseni jipya. Maji yakakusanyika chini, hakuna aliyeona. Watu walipotawanyika, majani ya chini yalikuwa ya njano, shina limelainika, na harufu ya uozo imejaa dirishani. Furaha alishika jani, likabaki mkononi mwake.

"Papa Neema," akaniambia, "hii ua ikikufa, njo Mama anakufa mara ya pili."

Unajua nilifanya nini? Nilikimbilia jagi la maji. Nilikuwa nimeshaliinamisha nilipoikumbuka sauti yako: anakupenda sana, ndiyo maana anakuzamisha. Nikalirudisha jagi mezani.

Nililing'oa ua polepole, nikalipindua maji yote ya katikati yatoke, nikakung'uta matope. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, inateleza. Niliikata kwa wembe safi mpaka nikafika palipo peupe na pagumu, kisha nikaliacha kivulini siku mbili likauke, Furaha akiniangalia kana kwamba mimi ni muuaji. Halafu nikatia ndooni changarawe, vipande vya makaa, magome makavu, udongo kiasi tu, nikalipanda upya. Beseni nililirudisha dukani. Baada ya hapo sikumwaga maji udongoni, na hilo ndilo lililokaribia kunishinda, Mama: kukaa mikono mitupu mbele ya kitu ninachokipenda. Wewe ulikaa hivyo miaka minne kwa ajili yangu, ukingoja nijirekebishe mwenyewe. Nilikuwa nakuheshimu kwa sababu ya desturi. Sasa nakuheshimu kwa sababu yako.

Ua lenyewe halikupona lote. Lilikwisha kuchanua wakati wako, na mmea wa aina hii huchanua mara moja tu, kisha hufa ukiacha watoto; sasa majani yake yanakauka moja moja. Lakini ubavuni yametokea machipukizi mawili ya kijani, magumu, kila moja na kikombe chake. Jana Furaha aliyaona, akachukua jagi, akaenda nalo mpaka dirishani. Nikayageukia machipukizi, nikayaambia:

"Batoto ba Mama, muambie Mama Neema kwamba muko bazima, hamuna kiu."

Akalirudisha jagi mezani. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Asante, Mama. Sikuwahi kukuambia, na hata leo, baada ya kuandika yote haya, naona haya kana kwamba nimekutazama machoni. Kwa hiyo barua hii nitalisomea ua, sauti juu kidogo. Wewe jifunike kitenge chako, geukia dirishani, ujifanye husikii.

Mkweo,
Papa Neema