Baba Asifungwe Kamba

Mama yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Ujumbe wako niliupata tangu baridi ya huku haijaisha, na kila siku nilijiambia nitaandika mtoto akilala. Mtoto halali. Anaota meno, na akilala, mimi ndiye naanguka kwanza. Mgongo wako waendeleaje? Na Baba, ameamkaje? Sisi wazima. Barasa, baba mtoto, bado anafanya kazi kwenye ghala kule Auburn. Anarudi mimi nikitoka, tunapokezana mtoto mlangoni.

Naandika kwa karatasi kwa sababu nikipiga simu ni baba mdogo Wanyonyi anayeipokea. Barua hii italetwa na Nekesa, nesi tunayesali naye, anakuja likizo. Isome ukiwa peke yako.

Nimesikia mmekubaliana Baba apelekwe kambi ya maombi kule mlimani, afungwe kamba mpaka pepo limtoke. Eti ni laana, kwa kuwa babu alizikwa Baba akiwa Harare na timu ya taifa, hata udongo hakutupa kaburini. Sikatai, hakuwepo. Lakini nisikilize.

Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, huku Toongabbie, kuna mzee aliyeichezea nchi hii ya Australia raga zamani, wakati ule ule wa kina Baba, wachezaji walipokuwa hawalipwi. Alikuwa fundi bomba. Jumamosi yuko uwanjani, Jumatatu yuko chini ya sinki la mtu. Safu ya mbele, kama Baba. Shingo ile ile, masikio yale yale yaliyokunjamana. Na ugonjwa ule ule, Mama. Anavaa viatu akitaka kwenda mechini. Anamfokea mkewe, halafu analia. Anauliza jambo, unamjibu, anauliza tena.

Kuoga alikuwa hataki kabisa. Wakimshika, anawasukuma ukutani. Siku moja nikainama mbele yake, nikaweka bega chini ya kwapa lake na kumshika shati mgongoni, vile Baba alivyotufundisha skramu, ile ya kusukumana mabega, sebuleni, mimi na kaka Simiyu. Mzee akaacha kusukuma. Akainama naye, akanikamata kwa nguvu, tukasogea hivyo hivyo mpaka bafuni. Mama Furaha, Mkongo tunayefanya naye kazi, alicheka mpaka akaegemea mlango. "Weye, muko nacheza dansi na muzee wa watu?" Sasa kila asubuhi ni mimi naitwa.

Mke wa mzee akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia baba yangu alichezea Kenya.

"Kenya nao wanacheza raga?" akasema, akitabasamu.

Nikameza hilo. Nikamweleza kwamba Baba anaumwa vivyo hivyo, na kwamba ndugu wanasema ni laana. Tabasamu likamtoka.

"Si laana, mpenzi. Ni kichwa. Waligongwa, wakamwagiwa maji, wakarudishwa uwanjani."

Daktari wao ndiye aliyemwambia.

Nilienda chooni nikakaa. Unakumbuka ile hadithi ya Kampala? Kila Krismasi Baba aliisimulia: aligongwa akazimia, akapepewa, akarudi, akafunga trai, halafu kwenye basi akauliza nani ameshinda. Nyumba nzima tulicheka, na yeye akicheka. Kumbe tulikuwa tunacheka ugonjwa ukianza.

Huyu wa hapa, wenzake wa timu huja kumchukua, wanampeleka uwanjani na kiti chake cha magurudumu, watu wanasimama kumsalimia. Baba alinunua njumu kwa mshahara wake, na jezi ya taifa aliivua baada ya mechi akairudisha, ifuliwe, ivaliwe na mwingine. Ile benki ilimwajiri kwa sababu ya jina lake la raga. Goti lilipoharibika ikamwonyesha mlango. Nani wa timu amewahi kubisha hodi kwetu? Nchi ilimchukua akiwa na nguvu, ikamchukua hata siku ya kumzika baba yake. Sasa sisi wa damu yake tumfunge kwa sababu alienda?

Sikukosei heshima, Mama. Wewe ndiye unayeamka naye, mimi niko huku nikiogesha baba wa watu. Najua umechoka mpaka kambi ile inafanana na mapumziko. Lakini hili nakataa, na nitaendelea kukataa. Kama wazee wanataka jambo la udongo wa babu litengenezwe, walitengeneze hapo boma, Baba akiwa ameketi kitini kama mwenye nyumba. Akikataa kuoga, usimvute mkono. Mwite Simiyu aweke bega. Kaka yangu hajasahau.

Nisalimie shangazi Rasoa aliyenilea nikiwa shule, Simiyu na mkewe, na majirani wanaokuletea maji. Baba mdogo pia msalimie. Mwambie nampenda, ila kaka yake si mbuzi.

Ni mimi mwanao anayekuwaza,
Nafula

Nekesa akirudi, mpe hivi: karatasi zote za hospitali za Baba, hata zile za goti, nimwonyeshe daktari wa yule mzee. Unga wa wimbi wa uji wa mtoto, usichanganywe na mahindi. Leso yako moja iliyofuliwa sana, ya kumbebea. Na picha ya Baba ya siku hiyo hiyo Nekesa anapoondoka, ameketi ndani ya nyumba yake, mikono ya shati imekunjwa, mikono yote miwili ionekane kuanzia kiganja mpaka kiwiko, pote kamba ingepita.