Kifaa cha Juu ya Paa la Mama

3 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na mikate yako na joto la tanuri? Kifua cha Baba kinaendeleaje? Mimi mzima, ila ofisini tunasutwa. Utabiri wetu wa moshi na vumbi laini unakosea mtaa mmoja tu, nao ni wenu. Tunatabiri thelathini, inakuja tisini. Kompyuta inajifunza kutokana na vifaa vitatu vya kupima hewa: cha zahanati, cha seremala, na hicho nilichokufungia juu ya paa. Namba za viwili zinapanda kila alfajiri. Chako kimelala. Kuna mtu anakigusa?

Mwanao kitindamimba

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baba yako anakohoa kidogo, lakini matembezi yake ya asubuhi haachi. Anasikiliza utabiri wenu redioni kabla hajavaa viatu, na mkisema hewa safi, huyo keshatoka.

Kuhusu hicho kifaa, nani apande juu ya paa langu nisimwone? Kamuulize seremala. Yule anachoma maranda uani kwake, halafu ananisalimia kwa meno yote thelathini na mawili. Na wewe, tangu lini ukanihoji? Najua mkitabiri moshi mwingi, tanuri zote za kuni zinafungwa siku hiyo kwa amri. Nimeoka mikate tangu hujazaliwa, na shule yako ilitoka mle mle tanurini. Sasa nimewekewa askari paani, na aliyemweka nimemzaa mimi.

Mama yako mzazi

20 Juni

Mama,

Shikamoo tena. Mpe Baba pole ya kikohozi. Sikusema ni wewe. Niliuliza swali moja, ukanijibu kwa mengi, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Fundi wetu alikuja Jumanne ulipokuwa sokoni. Kifaa chako kinalala kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili, kisha kinaamka. Jumapili tu hakilali, na Jumapili huoki. Ndani ya kibomba kinachovuta hewa fundi amekuta unga wa ngano, umejaa tele. Seremala hana unga, Mama.

Kama unakivisha mfuko wa unga, niambie mimi kabla mkuu wangu hajaniuliza. Watu wanapanga siku zao kwa namba hizo.

Mwanao

4 Julai

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku si salama. Baba yako amelazwa, leo siku ya nne. Alhamisi redio ilisema hewa safi, akatoka. Walimrudisha wamemshika kwapani, midomo imebadilika rangi. Anapumua kwa oksijeni. Daktari akauliza kwa nini mgonjwa wa kifua alitoka kwenye moshi ule. Nikamwambia utabiri ulikosea. Mbona mlikosea? Nyinyi ndio mliosoma.

Baba yako anakutetea. Anasema mwanawe hawezi kutangaza uongo, labda ni yeye aliyesikia vibaya. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Mama yako

21 Julai

Mama,

Shikamoo. Dada kaniambia Baba amerudi nyumbani, na sasa anafika mpaka mlangoni bila kushikwa. Nimeshukuru sana. Nimekuandikia mara mbili, hukujibu, na nikakukasirikia hasa. Nilishaandika ripoti kifaa chako king'olewe, na sababu nikaieleza yote bila kukuficha.

Leo nimewahi ofisini ili niikabidhi. Nikafungua kwanza vipimo vya alfajiri, kwa mazoea tu. Saa kumi, arobaini. Saa kumi na moja, themanini. Saa kumi na mbili, mia na arobaini, na kikabaki juu mpaka ulipomaliza kuoka. Nikatazama vya jana, hivyo hivyo. Vya juzi pia. Umekivua mfuko.

Ripoti nimeichana. Utabiri wa kesho umeshatoka, na kwa mara ya kwanza vifaa vyote vitatu vinasema kitu kimoja: moshi mwingi mtaani kwenu, tanuri za kuni zisiwashwe. Mwambie Baba asitoke. Nawe kaa naye, maana kesho huna kazi.

Barua yako nimeipata, Mama.

Mwanao kitindamimba