Wifi Yangu Mtarajiwa Alikuwa Mgonjwa Wangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha ambayo sina ruhusa ya kumwambia mtu.

Mimi ni mwanasaikolojia wa ubongo wa watoto, yaani mtoto akiumia kichwa analetwa kwangu nipime kumbukumbu yake, maneno yake na utulivu wake, halafu tunaanza kujenga upya kilichobomoka, na naipenda kazi hii kiasi kwamba wanaume wananikimbia wakisema nawatazama kama nawapima, lakini hayo tuyaache. Jumapili iliyopita mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alimleta mchumba wake nyumbani tumwone, na sote tulikuwa na hamu kwa sababu binti mwenyewe anatangaza mpira redioni na wasikilizaji wamempa jina la Cherehani, kwa vile akianza kusema hapumui, basi nikatoka jikoni na glasi za juisi, yeye akacheka, na kicheko kile, mshauri, nusura niangushe sinia! Nilikijua tangu akiwa mtoto wa darasa la tatu, aliyegongwa na pikipiki akaletwa kwangu hana neno hata moja mdomoni, mimi ndiyo kwanza nimeajiriwa na yeye ndiye mtoto wangu wa kwanza, na maneno yalipoanza kurudi kijiko alikiita "kile cha mdomo", na siku aliposema "kijiko" tulirukaruka mpaka muuguzi wa chumba cha pili akaja kuuliza kama kuna nyoka, halafu familia yao ikahama na sikumwona tena. Na leo anatangaza mpira! Anatangaza mpira, mshauri!

Nilitaka kupiga vigelegele, ila siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na mdogo wangu aliponiona nimeganda akauliza, "Dada, kwani mnajuana?" nikajibu, "Hapana, ndiyo kwanza namwona," na Cherehani akatazama chini. Tulipokuwa tunakula akataka chumvi, akakwama kidogo, akasema "ile... ile nyeupe," jambo ambalo kwa mtu aliyepita alikopita yeye si kitu, lakini Mama hapitwi, wageni walipoondoka akanivuta kando.

"Wewe si ndiye fundi wa vichwa? Yule binti ana nini? Nichunguzie kabla mwanangu hajajifunga."

Nikasema sijui, na sasa ananipigia simu kila asubuhi, na amemwambia mdogo wangu asubiri kwanza, na mdogo wangu naye ananikazia macho mimi, wakati neno langu moja lingemaliza yote, maana ningewaambia tu huyu ni shujaa. Nimwambie Mama? Nimwambie mdogo wangu? Au ninyamaze nitazame harusi ikivunjika?

Ni mimi, Dada Mtu

*

Dada Mtu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Mtoto aliyepoteza maneno leo anaishi kwa maneno! Ukitaka kurukaruka, ruka, ila funga mlango kwanza.

Sasa nikugombeze. Kunyamaza ni kazi yako, kudanganya si kazi yako. Ungecheka tu ukamimina juisi. Badala yake ulimkana binti wa watu mbele ya wakwe zake, naye akatazama chini. Ulidhani anatafuta nini sakafuni?

Mama usimwambie lolote, hata zuri. Habari njema ya mgonjwa nayo ni mali ya mgonjwa. Mwambie, "Mama, watu wa nyumbani siwapimi, hata wewe sijakupima." Kisha mfuate Cherehani, mkiwa wawili tu, umwombe radhi na umwulize anataka nini. Atakachosema, ndicho hicho.

Haya nilikuambia kwa simu, kwa kuwa harusi haisubiri gazeti, na kwa ruhusa yenu wote nawasimulia wasomaji yaliyofuata.

Ulimngoja nje ya studio mechi ilipokwisha. Akasema, "Nilikujua ulipotokea tu mlangoni, daktari. Nikadhani umenionea aibu."

"Aibu? Nilitaka kupanda juu ya meza!"

Mkalia, mkacheka, mpaka mlinzi akawaomba msogee getini, magari yapite. Jioni hiyo mwenyewe akamweleza mdogo wako. Kijana akalalamika, "Yaani dada yangu alikufahamu kabla yangu?" Wivu mtupu!

Kesho yake Cherehani akaenda kwa Mama peke yake, akaketi, akasimulia yote: pikipiki, ukimya, na maneno ambayo hadi leo humtoroka akichoka. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Hospitalini alikuwa anakupeleka nani?"

"Bibi yangu. Kwa miguu, akinibeba mgongoni nikichoka."

"Yuko hai?"

"Yupo, Mama."

"Basi harusini asiwekwe nyuma na wageni. Atakaa pembeni yangu."

Kwa hiyo, Dada Mtu, acha kuniandikia mimi, una kazi. Siku ya harusi wewe ndiye utakayemfuata bibi huyo kwao. Nenda na gari, na uende mapema.