Mistari ya Buluu Chini ya Gari la Vernon

Tolliver, Kentucky
Jumatatu, 16 Septemba

Kwa kaka yangu mpendwa Lowell,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Dakota haijaanza kukusumbua kifua. Sisi hapa tu wazima. Miguu ya Mama inavimba akisimama sana kule kufulia, lakini ukimwambia akae anakasirika. Mbwa wako bado analala juu ya buti zako za zamani. Mama ndiye aliyenipa anwani hii. Alisema simu zetu hupokei, lakini bahasha utaifungua, maana tangu utotoni hujaweza kukiacha kitu kikiwa kimefungwa.

Mimi nilimaliza shule mwezi wa Mei. Nilivaa joho, nikaitwa jina, nikavuka jukwaa nikitazama viatu vyangu. Wiki iliyofuata nikafanya jambo ambalo najua litakuudhi: nilikwenda kuomba kazi kwenye gereji ya Vernon Stidham. Mama alinikasirikia. Nilimwambia natafuta uzoefu. Sikumwambia ninachokitafuta hasa.

Vernon alicheka aliponiona mlangoni. Aliwaambia wateja waliokuwepo kwamba kaka alimharibia jina, sasa dada amekuja kulifagia. Tangu siku hiyo akaniita Panya. Panya, lete spana. Panya, sogeza jeki. Panya, hebu niambie, na wewe unafunga gari likiwa linaning'inia kama kaka yako? Hilo la mwisho alilipenda kuliko yote, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa upya.

Anasimulia hivi. Kwamba ulipobadilisha bushi za mbele, ile mipira ya kwenye maungio, kwenye gari la zamani aliloachiwa Bi. Prewitt na marehemu mumewe, ulikaza nati za mikono ya juu, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, gari likiwa bado limeinuliwa, magurudumu yananing'inia, badala ya kulishusha kwanza lisimame kwa uzito wake. Mpira wa bushi ukawa umejinyonga tangu siku ya kwanza. Ndani ya mwezi ukachanika, gari likavuta kulia pale kwenye kona ya kanisa, na Bi. Prewitt, mwalimu aliyetufundisha sote hesabu, akaishia mtaroni na nyonga iliyovunjika. Kisha Vernon huinua kidole na kusema aliiona alama ya buluu kwenye nati zile kwa macho yake mwenyewe. Hapo wasikilizaji hutikisa vichwa, kwa sababu kila aliyewahi kushika spana Tolliver anaijua desturi ya gereji ile: anayekaza nati ndiye anayeichora mstari wa rangi, na rangi ya mtu haiazimwi. Nyeupe ni ya Vernon. Buluu ilikuwa yako.

Nilisikia masimulizi hayo mara thelathini na moja. Nilikuwa nahesabu. Kila mara niliendelea kufagia.

Mwezi wa Julai Vernon alipasuliwa bega. Na alikuwa ameshatangaza kwamba kwenye maonyesho ya magari ya Septemba, pale kwenye nyasi za mahakama, gari lake jekundu la mwaka 1970 litakuwa na sehemu yote ya mbele mpya: mikono ya mabomba badala ya ile ya bati, springi fupi, shokapu mpya, bolijointi za kuungia magurudumu kubwa zaidi, na chuma kinene cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Mkono haunyanyuki, fundi hana, maana tangu uondoke hakuna aliyekaa naye zaidi ya wiki tatu. Alinitazama mikono, akasema vidole vyembamba huenda vina faida. Akaketi kwenye kiti na kahawa yake, akawa anatoa amri, nami nikaingia chini.

Ningependa ungeiona kazi ile, Lowell. Nilizibana springi za zamani kwa kile kifaa polepole kama ulivyonionyesha, uso wangu nimeuweka kando. Nilisafisha chasisi mpaka ikang'aa. Kila springi mpya niliizungusha mpaka ncha yake ikakaa kwenye kikombe chake. Nilipofika kwenye bolijointi, sitakudanganya, niliishika ile pini ndogo inayozuia nati isijifungue, nikaitia mfukoni, nikaenda kula mkate wangu nikiwa nayo. Nilikaa nyuma ya gereji nikaiviringisha kidoleni, nikamwona akilini Vernon akiingia mtaroni kwenye kona ya kanisa. Kisha nikarudi nikaiweka mahali pake. Usidhani ni huruma. Mtu akianguka mtaroni watu humpelekea supu. Mimi sikutaka apelekewe supu. Nilitaka asimame wima, mzima, katikati ya watu wanaomjua.

Mikono niliikaza gari likiwa chini, kwa uzito wake, nimejibana kama karatasi.

Ile mikono ya zamani ya gari lake alinituma niipeleke bandani. Unamjua alivyo. Akaniambia, "Panya, kitu cha kiwandani hakitupwi. Kina namba yake. Iko siku mtu atakuja kukilia." Banda zima limejaa vitu vya kiwandani, kila kimoja na kikaratasi chenye mwandiko wake, hata vifuniko vya magurudumu vilivyoliwa na kutu. Ndiyo sababu nilijua kwamba kama mikono ya gari la Bi. Prewitt haikuyeyushwa, itakuwa humo. Niliikuta siku ya tatu, ndani ya gunia la chakula cha ng'ombe. Prewitt, 1968, halisi, ameandika. Mikono yote miwili, na nati zake nne hazijaguswa, na kila nati ina mstari wa buluu.

Nilimwaga dawa ya kusafishia breki kwenye kitambaa nikaifuta nati ya kwanza. Buluu ikatoka kama vumbi. Chini yake mstari ulikuwa mweupe.

Nilifuta mbili, nikaziacha mbili. Nikarudisha gunia, nikaenda kumfulia Vernon vitambaa vyake.

Maonyesho yalikuwa juzi Jumamosi. Magari yalipangwa mpaka kwenye duka la dawa, na harufu ya soseji na vitumbua vya kukaanga ilijaa kila mahali. Vernon alikuwa ameniagiza niweke vioo chini ya gari, kama wanavyofanya wote, ili watu waione kazi ya chini bila kupiga magoti. Alitaka pia mistari ya rangi ichorwe asubuhi ileile, mbichi, ing'ae kwenye vioo. Akanipa kichupa chake cheupe. Mimi nilikuwa na kichupa chako. Ulikiacha kwenye droo yako ya soksi.

Saa nne watu walikuwa wamejaa. Vernon alisimama na mkono wake kwenye kitambaa cha shingoni akieleza kila bolti. Alisema amekaza zote mwenyewe, kwa mkono mmoja, na binti wa Rusk alikuwa anamshikia taa tu. "Kabinti kazuri," alisema, "tofauti na kaka yake. Haka hakagusi kitu." Watu wakacheka. Bwana Odell Fugate, yule aliyefanya kazi na Vernon zamani, alikuwa ameinama kwenye kioo. Hakucheka. Alizunguka upande wa pili akainama tena.

Akauliza, "Vernon, bwana, tangu lini wewe unachora buluu?"

Vernon akamwambia macho yamezeeka. Fugate akasema macho yamezeeka kweli, lakini buluu bado anaijua, na hapa anahesabu mistari kumi na sita. Akamwambia aje ajitazamie. Vernon aliinama. Kaka, nimeukariri uso ule ndani ya kioo. Ulianza na tabasamu ukamalizika bila kitu.

Alisema, "Panya, umefanya nini?"

Unajua mimi hata kwenye duka la viatu huwa Mama ananisemea. Lakini nilikuwa nimemwomba Bi. Prewitt aje, na alikuwa amekuja, amesimama na kigari chake cha kutembelea, ananitazama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nikasema kwamba anayekaza ndiye anayechora, na hizi nimekaza mimi, na rangi hii nimeirithi. Kisha nikalifungua lile gunia, nililolitoa bandani alfajiri, nikaitandaza mikono ile kwenye nyasi, na kwa kitambaa nikaifuta nati ya tatu mbele yao. Ya nne nikampa Bwana Fugate aifute mwenyewe.

Nyeupe ikajitokeza. Vernon akaanza, akasema mtoto huyu amezichezea. Fugate akamwuliza ni mwandiko wa nani ule kwenye kikaratasi. Bi. Prewitt akasogea, akabonyeza mpira uliochanika kwa kidole kimoja. Akamwambia, "Vernon Stidham, darasa la sita ulinakili majibu ya mwenzako Clyde, nikakuuliza, ukasema ni Clyde aliyenakili. Nilimwadhibu Clyde." Hakupaza sauti. Vernon alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye, na hakukuwa na hata mmoja. Alikunja kiti chake kwa mkono mmoja, kikamshinda, na hakuna aliyemsaidia. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Nilisimama nikamtazama mpaka kikamwangukia mguuni.

Leo asubuhi wanaume watatu wameenda kwa Vernon kuchukua funguo za magari yao. Bwana Fugate amemwambia Mama kwamba ana sehemu mbili za kazi nyuma ya nyumba yake, na moja anakuwekea wewe.

Sasa lipo jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Utajiuliza nilijuaje kwamba chini ya buluu kuna nyeupe.

Siku ile ya Oktoba gari la Bi. Prewitt lilipotengenezwa, ulikuwa umetumwa kwenda kuchukua vipuri. Mimi nilikuletea chakula, na kwa kuwa Vernon alikuwepo peke yake niliona haya kuita, nikasimama nyuma ya rundo la matairi. Nilimwona akiingia chini ya gari la Bi. Prewitt. Redio ilikuwa inatangaza mechi na alitaka kumaliza mapema. Magurudumu yalikuwa yananing'inia. Alikaza, akachora nyeupe, akatoka; hiyo buluu aliipaka juu yake baadaye, ili lawama iwe yako. Wiki ileile ulikuwa umenifundisha kwa nini hivyo ni kosa. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikaacha chakula chako juu ya pipa nikaondoka.

Hata baada ya ajali, uliposimama jikoni kwetu na kusema uliporudi ulikuta gari limeshakazwa, na kwamba hakuna atakayekuamini, mimi nilikuwa pale mezani namenya viazi. Ilihitajika sentensi moja. Niliendelea kumenya. Asubuhi ulikuwa umekwenda.

Kwa hiyo nati ile ya tatu nimeichomoa na kuitia humu ndani. Ukiitazama, nusu ni buluu, nusu ni nyeupe. Kitambaa hakikufika kote. Waliokukosea walikuwa wawili, Lowell. Mmoja nimeshughulika naye mimi. Wa pili nakuachia wewe, naye hatajificha nyuma ya matairi.

Mama anakusalimu na anasema maharage na mkate wa mahindi bado anapika kwa watu watatu. Bwana Fugate anakusalimu. Bi. Prewitt anasema nyonga imeunga, na anaomba usimwogope ukikutana naye. Mbwa hana la kusema, lakini nikitaja jina lako anainua sikio. Jihadhari na baridi.

Ni mimi mdogo wako,
Delphia Rusk