Matofali Ndani ya Eda

Jumatatu, 15 Mei 1995

Nimefagia uani, nimeteka maji, nimempelekea Mama mkwe uji chumbani. Kisha zamu yangu. Nimekaa kizingitini na gemu la matofali mpaka vidole vikafa ganzi. Pointi elfu kumi na moja na mia mbili. Temeke nzima hakuna wa kunifikia.

Miaka tisa nimekuwa mpiga chapa wa kiwanda cha nguo. Bosi alikuwa akileta wageni waje kutazama vidole vyangu. Kiwanda kimeuzwa, mashine za chapa zimetupwa stoo, na sisi tukapunguzwa. Nilichukua sehemu ya kiinua mgongo nikaenda Kariakoo nikanunua hiki kidude. Hamisi akasema nimerukwa na akili. Mume wangu huyo maneno mazuri anawawekea watu wa nje.

Sasa anataka niwe namwazima mama yake asubuhi. Baba mkwe alikufa Machi. Mama yumo edani, miezi minne na siku kumi haruhusiwi kutoka, na umeme ndio huu wa mgao. Sawa. Mimi nimefiwa na kazi, nani aliniazima kitu?

Alhamisi, 18 Mei

Nimemfundisha. Kitufe hiki kuwasha, hiki kugeuza tofali, hiki kulishusha. Sauti nimeifunga mwenyewe, maana mjane hawezi kusikika akipiga miziki. Mama alisoma chuo cha Kurani tu, anaandika kwa herufi za Kiarabu, lakini namba za gemu anazijua. Amelishika kama mtu aliyepewa kinyonga. Matofali yakajaa mpaka juu kabla hajapanga mstari hata mmoja. Nimefurahi kuliko ilivyostahili.

Jumapili, 11 Juni

Rekodi yangu imefutika! Nimewasha, sifuri. Betri zikilegea kidogo tu, kumbukumbu yote inakwenda. Nimemlaani muuza duka wa Kariakoo na kizazi chake. Nimeanza upya. Elfu kumi tu leo.

Jumamosi, 17 Juni

Imefutika tena. Nimemuuliza Mama kama ameliangusha. "Hapana mwanangu, labda betri zimelegea." Macho chini. Mama mkwe hajibizwi. Nikasema ndiyo Mama, nikatoka, nikaipiga teke ndoo. Mguu unauma mpaka sasa.

Jumanne, 20 Juni

Mama ameniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba. Nikadhani ameanguka. Kumbe anacheka, mkono mdomoni kama msichana. "Tazama mwanangu, tazama!"

Elfu kumi na tano na mia sita.

Nikasema hongera Mama. Nikaenda jikoni nikakaa kwenye kibao cha mbuzi bila nazi mkononi. Mwanamke ambaye hajawahi kugusa mashine maishani. Vidole vimejikunja kwa miaka ya kukuna na kutwanga. Na mimi cheti changu cha chapa kimetundikwa sebuleni.

Namchukia. Nimeandika kwa wino na sifuti. Namchukia.

Jumatano, 21 Juni

Nimetoa betri. Nimehesabu mpaka ishirini, nikazirudisha. Nimewasha kuhakikisha. Sifuri. Nikampelekea pamoja na uji.

"Zimelegea tena, Mama."

Ameitazama ile sifuri kwa muda, kisha akanitazama mimi. "Basi," akasema. Uji ameunywa wote. Nilitaka alie.

Ijumaa, 30 Juni

Niandike yote, kwa mpangilio.

Kila Ijumaa baada ya alasiri wanawake wa mtaa huja kumsomea marehemu Yasini chumbani kwa Mama. Bi Kidawa ndiye kiongozi wao. Leo waliwahi. Hodi ilipopigwa Mama alikuwa katikati ya mchezo. Akanipa gemu haraka, huku akiweka kanga sawa. "Nizimie, mwanangu."

Sikuzima. Nilifungua sauti, nikayaacha matofali yakishuka, nikalisukuma gemu chini ya mto wake. Haikuchukua hata dakika. Vidole vyangu bado vyepesi.

Matofali yakiachwa hivyo hayapigi kelele. Yanapandana tu mpaka yafike juu, ndipo gemu linapiga wimbo wa kushindwa. Nilijua nina dakika mbili au tatu. Nikapanga vikombe vya kahawa kwenye sinia polepole.

Wimbo ukapiga katikati ya Yasini. Mwembamba, wa kijinga, mrefu. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja. Bi Kidawa akainua mto mwenyewe.

"Yaani sie tunamsomea mumeo, wewe unacheza?"

Mama angeweza kunyoosha kidole. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia langu. Akasema, "Nilikuwa nacheza. Nisameheni." Hakugeuza hata uso upande wangu.

Hawakumaliza Yasini. Kahawa hawakuigusa. Nilijiuma ulimi nisicheke. Kweli kabisa, nilitaka kucheka.

Jumatatu, 3 Julai

Habari zimefika Tandika. Eti mjane anasherehekea, eti alikuwa anangoja mzee afe. Wifi yangu Mwanahawa amekuja kutoka Kinyerezi kumgombeza mama yake, amesimama mlangoni na mkoba begani, hata maji hakunywa. "Umetuvua nguo, Mama. Sie tutapita wapi?" Hamisi naye hazungumzi na mama yake. Anaacha salamu mlangoni anapita.

Kinywa ninacho. Ningeweza kusema. Sikusema.

Mama amenirudishia gemu, limefungwa kwenye leso. Nimecheza tangu asubuhi. Elfu tisa. Elfu nane. Elfu nane.

Ijumaa, 14 Julai

Ijumaa ya pili hakuna aliyekuja. Mama ametandika mkeka saa ile ile, akasoma peke yake. Nilimsikia nikiwa uani. Alipofika mwisho alinyamaza kidogo, kama anayengoja wenzake waitikie.

Jumatano, 26 Julai

Mama ametoka eda. Ameogeshwa, amevaa nguo mpya. Nilipika pilau la watu arobaini. Wamekuja wanane, na wawili ni vipofu wa msikitini wasiojua habari za mtaa. Bi Kidawa alipita barabarani akasalimia nyumba ya pili.

Mwanahawa hakuja.

Jioni mdogo wake Mama amekuja kumchukua. Atakwenda kuishi naye Chamazi. Hamisi amebeba sanduku. Mimi nikapiga goti, shikamoo Mama. Akaniwekea mkono kichwani. "Marahaba, mwanangu. Una vidole vyepesi. Utapata kazi." Nikatazama viatu vyake.

Jumamosi, 29 Julai

Nimekwenda kusafisha chumba cha Mama. Nilipovuta kitanda nikaona ukuta umeandikwa kwa mkaa, mistari mifupi ya Kiarabu, kwenye kimo cha mtu aliyelala. Nikadhani ni dua za marehemu. Nikamwita Hamisi, maana yeye alimaliza chuo.

Amesoma kwa kidole, polepole.

Elfu kumi na mbili. Nimetoa betri, asiumie.

Elfu kumi na tatu na mia moja. Nimetoa betri, asiumie.

Elfu kumi na tano na mia sita. Furaha imenizidi, nimemwonyesha.

Sifuri. Ameumia.

Na wa mwisho. Ijumaa. Nimempa mwanangu anizimie.

Hamisi akasoma ule wa mwisho mara mbili. "Mwanangu gani huyu? Mwanahawa?"

Nikasema labda.

Akasonya, akasema kumbe Mwanahawa ana roho hiyo na bado alikuja kumgombeza mama. Kisha akaenda kuswali adhuhuri.

Nimekoroga chokaa kwenye ndoo. Nimepaka mara moja, maandishi bado yanaonekana. Nimepaka mara ya pili. Sasa nimekaa kitandani kwake, nangoja ukuta ukauke.