Mkataba wa Milingoti

Kawetele, 4 Mei 1992

Mwanangu Ambindwile,
Sisi hatujambo, ila mama yako anakohoa kwa mvua hizi. Natumaini huko shuleni Mbeya mnakula. Kuna mnunuzi wa mbao kutoka mjini anataka milingoti yetu yote, ile mikaratusi ya shambani. Siku hizi kila mtu mfanyabiashara. Ameleta mkataba wa Kiingereza. Nakutumia nakala, unijibu upesi: nisaini au nisisaini?
Baba yako, Ackson

Mbeya, 11 Mei

Shikamoo baba,
Mpe mama pole. Mimi mzima. Mkataba nimeupata. Mstari wa kwanza una neno timber, yaani mbao. Nimekwenda maktaba, na kamusi kubwa inasema kwa Waingereza wa kale neno hilo lilikuwa nyumba yenyewe. Baadaye likawa vifaa vya kujengea, kisha hata miti ambayo bado imesimama. Ajabu, limetoka nyumbani likarudi msituni. Sababu sijaipata, ila naendelea kutafuta.
Mwanao

Kawetele, 18 Mei

Mwanangu,
Salamu zimefika, jibu halijafika. Nimeuliza habari za mkataba, wewe unanipeleka kwa Waingereza waliokwisha kufa. Mnunuzi amekuja mara ya tatu. Nikamwambia mwanangu bado anausoma. Akacheka: "Mzee, karatasi moja wiki mbili?" Ningemjibu nini, kwamba umekwama mstari wa kwanza? Nauliza tena: nisaini au nisisaini?
Baba yako

Mbeya, 22 Mei

Shikamoo baba,
Nisamehe. Leo nimeusoma wote. Usisaini. Mstari wa tisa unasema anachukua miti pamoja na shamba lenyewe, kwa miaka thelathini na tatu. Kama si kamusi, ningeuona siku ile ile. Nina aibu hata chakula hakipiti.
Mwanao

Kawetele, 29 Mei

Mwanangu,
Kula. Barua yako imenikuta sijasaini. Mnunuzi alichoka kunisubiri, akaenda kwa jirani yetu Ambwene, ambaye hana mtoto wa sekondari. Yeye alisaini palepale. Leo asubuhi amekuja na karatasi yake, ameikunja ndani ya kofia. Ni ile ile, jina tu ndilo tofauti. Anaomba nikutumie umsomee, tena anasema usiharakishe, masomo kwanza. Nimeipokea. Nimeshindwa kumwambia kwamba tayari najua inasema nini.
Baba yako