Nyaya za Ndege ya Mwisho

Al-Naseem, Jumatano

Ningejua, nisingezifunga zile nyaya.

Leo Fahad, mtoto mkubwa wa mwajiri wangu niliyemwita Baba, alikuja kupanga vitu vya marehemu. Mimi nilikuwa dereva tu wa Baba, lakini kwa miaka sita kila baada ya Asri tuliketi pamoja tukiunda mifano ya mbao ya eropleni. Zile za zamani kabisa, za safu moja ya mabawa, ambazo mabawa yalishikiliwa na nyaya juu na chini. Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hivyo kufunga nyaya ilikuwa kazi yangu.

Alipolazwa aliacha ndege moja ya kivita haijaisha. Nikaona haina nyaya. Nikazifunga zote, nikampelekea hospitalini. Aliigeuza mkononi kwa muda mrefu.

"Halas, Wafula, asante," akasema. "Sasa imekamilika."

Akataka iwekwe karibu na mto wake.

Leo Fahad ameishika, akakunja uso. "Nani ameiharibu hii? Aina hii haikuwa na nyaya. Mabawa yake yalikuwa na nguzo ndani, yalijibeba yenyewe. Ndiyo maana zilikuwa na kasi."

Nikasema sijui.

Ikama yangu, kibali cha kuishi huku ugenini, bado iko kwa jina la Baba, na sijui kafili wangu, yaani mdhamini wa kazi, sasa ni nani. Lakini si hilo linaloniuma.

Baba alijua. Alijua, na akanishukuru.

Fahad amenipa mkasi nizitoe. Nimekata waya mmoja, mkono ukakataa.